Ushauri wa kutunza makangaga uzitazame nyumba zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni yangu kuhusu ushauri wa kutunza makangaga ndani ya nyumba, uliochapishwa hivi karibuni katika kurasa zenu za nyumba na bustani. Ninawapongeza kwa kuona kwamba mimea ya ndani nayo inastahili kuandikwa, maana siku hizi ni nadra kuingia katika ofisi, hoteli au sebule ya mjini usikute chungu chenye kangaga lililoning'iniza majani yake pembeni mwa kabati. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ushauri ule inaelekea kuwa iliandikwa kwa ajili ya nyumba za nchi zenye majira ya baridi kali na mitambo ya kupasha vyumba joto, kisha ikaletwa kwetu bila mtu kujiuliza kama vyumba vyetu vinafanana na vya huko. Msomaji wa Mikocheni, Tanga au Mombasa akiufuata kama ulivyo atalipoteza kangaga lake katika muda mfupi, na pengine atabaki akiamini kwamba yeye hana bahati na maua.

Nianze na maji, kwa kuwa hapo ndipo makangaga mengi yanapofia. Makala iliagiza kumwagilia mara moja kwa wiki. Kangaga linalouzwa kwa wingi hapa mjini ni lile la Boston, ambalo kwa jina la kitaalamu huitwa Nephrolepis exaltata. Asili yake ni maeneo ya joto ya Amerika, na aina hii yenye majani marefu yanayoinama ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika shehena ya makangaga iliyotoka Philadelphia kwenda Boston nchini Marekani, ndipo ikapata jina lake. Ni mmea uliozoea kivuli na unyevu, wenye vijani vyembamba visivyo na nta nzito ya kuzuia maji yasipotee, na wenye mizizi mfano wa nyuzi nyuzi inayotambaa karibu na uso wa udongo. Hauna mahali pa kuweka akiba. Katika joto la Januari, chini ya feni ya dari inayozunguka mchana kutwa, chungu kidogo kinaweza kukauka kabla siku tatu hazijapita, ilhali mwezi Julai, wakati wa kipupwe, chungu hicho hicho kikikaa barazani kinaweza kubaki na unyevu kwa muda mrefu zaidi ya huo. Ndiyo maana kumwagilia kwa kufuata kalenda hakufai. Mwenye kangaga aguse udongo kwa kidole kila asubuhi, na uso wake ukianza kukauka, amwagilie mpaka maji yatokee chini ya chungu. Akishazoea, hatahitaji hata kidole, kwa sababu akikinyanyua chungu kidogo ataujua uzito wake kikiwa kimeshiba na uzito wake kikiwa na kiu.

Hapa kuna jambo ambalo makala haikuligusa kabisa, nalo ni udongo ambao kangaga huja nao kutoka kwa muuza maua. Miche mingi ya kando ya barabara huoteshwa katika viriba vyeusi vilivyojazwa udongo wa kawaida wa shambani, wakati mwingine mfinyanzi mtupu, kwa sababu udongo huo ni wa bei nafuu na hauhamishiki kwa urahisi wakati miche inapopakiwa kwenye mkokoteni au bajaji. Udongo wa namna hii ukikauka hujikaza na kujitenga na ukuta wa chungu, ukaacha mwanya mwembamba kuzunguka pande zote. Mwenye nyumba anamwaga maji, maji yanapita katika ule mwanya na kutokea chini kwa haraka, naye anaridhika kwamba amemwagilia vya kutosha, kumbe katikati ya lile donge la mizizi ni pakavu kabisa. Baada ya wiki mbili hivi vijani vinaanza kupukutika sakafuni, na dada wa kazi analalamikiwa kwamba hamwagilii maua. Dawa yake ni kukizamisha chungu chote ndani ya ndoo ya maji, maji yapande hadi juu kidogo ya udongo, na kukiacha humo mpaka mapovu yaache kutoka. Kisha kinatolewa, kinaachwa kichuruzike vizuri, na kinarudishwa mahali pake. Mtu akiyaona mapovu yale yakitoka kwa dakika kadhaa mfululizo ataelewa ni hewa kiasi gani ilikuwa imekaa mahali palipostahili kuwa na maji.

Lililo bora zaidi ni kuubadilisha udongo wenyewe. Kangaga hupenda udongo mwepesi, wenye mboji nyingi, unaoshika unyevu lakini usiotuamisha maji. Vitabu vya nje vinataja mboji ya kuchimbwa kwenye vinamasi vya nchi za baridi, ambayo kwetu ni ya kuagizwa na bei yake haishikiki, ilhali watu wa pwani tumekalia utajiri wa makumbi ya nazi. Vumbi la makumbi, lile linalobaki baada ya usumba kuchambuliwa, linashika maji vizuri sana na halijikazi upesi, ila inafaa lioshwe mara mbili tatu kwa maji safi kabla ya kutumika, kwa sababu makumbi mengi huwa na chumvi, hasa yale yaliyolowekwa katika maji ya bahari. Likichanganywa na mboji iliyooza sawasawa, pamoja na mchanga kidogo wa mtoni au mkaa uliopondwapondwa, linatoa udongo ambao kangaga litaushukuru. Mchanga wa ufukweni usitumike hata kidogo.

Nimetaja chumvi, na sina budi kukaa hapo kidogo. Katika maeneo ya Dar es Salaam yaliyo karibu na bahari, nyumba nyingi hutegemea visima, na maji ya visima vingi hivyo yana chumvi kwa sababu maji ya bahari yamepenya katika maji yaliyo ardhini. Wenyeji tunayajua: sabuni haitoi povu, na chai haina ladha yake. Maji hayo hayo ndiyo yanayomwagiliwa maua. Kila yanapokauka, chumvi inabaki kwenye udongo, na baada ya miezi michache huonekana kama ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu cha udongo au juu ya udongo wenyewe, huku ncha za majani zikigeuka rangi ya kahawia kana kwamba zimepitiwa na moto. Makala yenu ilieleza kwamba ncha za kahawia ni dalili ya ukosefu wa maji, na ikashauri kumwagilia zaidi. Ni kweli kwamba ukavu nao huunguza ncha, lakini kwa mwenye kisima cha chumvi ushauri huo ni wa kuongeza ugonjwa, maana kila kopo la maji linaongeza chumvi juu ya chumvi. Mtu huyo anapaswa kukinga maji ya mvua wakati wa masika na vuli, ayahifadhi katika pipa lenye mfuniko uliobana, na walau mara moja kila baada ya wiki chache akimiminie chungu maji hayo kwa wingi, yapite na kutoka chini, ili yaiondoe chumvi iliyojilimbikiza.

Kuna chanzo kingine cha maji yasiyo na chumvi ambacho watu wengi wanakimwaga kila siku bila kujua. Nje ya karibu kila jengo la ofisi kuna kijibomba cha kiyoyozi kinachodondosha maji ukutani au ndani ya dumu lililowekwa na mlinzi. Maji yale ni mvuke uliokuwa katika hewa ya chumba, ukageuka maji kwenye koili baridi ya kiyoyozi na kuchuruzika nje. Hayafai kunywewa, kwa sababu yamepita juu ya vyuma na vumbi, lakini kwa mimea ya mapambo hayana tatizo, na kwa kuwa yametokana na mvuke hayana ile chumvi ya kisimani. Ofisi yenye makangaga matatu na kiyoyozi kimoja haina haja ya kutafuta maji mahali pengine.

Dumu lile linatuonyesha pia sababu ya makangaga ya ofisini kunyauka hata pale yanapomwagiliwa vizuri. Hewa ya Dar es Salaam kwa asili yake ni yenye unyevu mwingi, na kangaga lililowekwa barazani penye kivuli halihitaji msaada wowote wa ziada. Tatizo linaanza tunapofunga madirisha na kuwasha kiyoyozi, kwa sababu kazi ya kiyoyozi si kupooza tu bali pia kukausha, na maji yote yanayojaa lile dumu ni unyevu ulioondolewa katika hewa ambayo kangaga lilikuwa linaitegemea. Linalowekwa moja kwa moja mbele ya pumzi ya kiyoyozi hukauka upande mmoja kwanza, ule unaopigwa na upepo, na mwenye ofisi huligeuza ili lipendeze, hivyo na upande wa pili nao ukafuata. Watu wa Dodoma na wa bara kavu kwa ujumla wanayajua matatizo haya hata bila kiyoyozi, hasa katika miezi ya upepo ya katikati ya mwaka.

Makala iliagiza kunyunyizia majani maji kwa chupa ya kupulizia kila asubuhi na jioni. Kazi hiyo inampa mtu furaha ya kuona matone yaking'aa, lakini faida yake ni ndogo mno, kwani matone yale hukauka baada ya dakika chache na hewa ya chumba inarudi ilivyokuwa. Tena katika chumba kisichopitisha hewa, majani yanayolala na maji usiku hukaribisha ukungu. Badala ya hapo, ningeshauri vyungu vikusanywe pamoja pembe moja ya chumba, kwa kuwa mimea hutoa mvuke na hivyo husaidiana. Viwekwe mbali na kiyoyozi. Na kila mwisho wa wiki, ofisi inapofungwa, vitolewe nje kwenye ujia wenye kivuli. Mahali ambapo hayo hayawezekani, bora kangaga dogo liwekwe ndani ya chombo cha kioo.

Jambo la kioo lina historia yake, na naomba nilieleze kwa kifupi kwa sababu linathibitisha kwamba adui wa kangaga ni hewa kuliko uzembe wa mtunzaji. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alipenda sana makangaga, lakini kila alipoyapanda katika bustani yake yalikufa kwa moshi wa makaa ya mawe uliotanda katika jiji lile. Mwaka 1829 aliweka pupa wa nondo katika chupa yenye udongo wa unyevu na kuifunga, akitaka kumwona mdudu akitoka; akashangaa kuona kwamba ndani ya chupa ile ile kangaga limechipua lenyewe na linaendelea vizuri. Alitambua kwamba mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye udongo, unageuka matone kwenye kioo na kurudi chini, hivyo mmea ukawa na unyevu wake wenyewe na umekingwa na hewa mbaya ya nje. Mwaka 1833 alipeleka masanduku mawili ya vioo yenye makangaga na nyasi kwa meli hadi Sydney, Australia, safari ya miezi kadhaa, na mimea ikafika ikiwa hai. Leo mfanyakazi wa ofisi yenye kiyoyozi anaweza kufanya jambo lile lile kwa mtungi mkubwa wa kioo wenye mdomo mpana, mradi asiuweke juani, kwa maana kioo kilichofungwa kikipigwa na jua huwa tanuri.

Kuhusu mwanga, kosa la makala ni kubwa zaidi kuliko linavyoonekana. Ilisemwa kwamba kangaga liwekwe karibu na dirisha linalotazama kaskazini kwa sababu dirisha hilo halipati jua. Hilo ni kweli kwa London au Boston, ambako jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kwa miezi kama saba hivi, kuanzia Machi hadi Oktoba, jua la adhuhuri liko upande wetu wa kaskazini. Mwezi Juni linashuka kiasi cha kupenya chini ya ukingo wa paa na kuingia ndani ya chumba. Aliyeambiwa kwamba dirisha la kaskazini ni salama atakuta vijani vimefifia na kuwa vya manjano yaliyopauka bila kujua sababu. Kwetu lifaalo zaidi ni dirisha la mashariki, ambalo hupata jua la asubuhi lisilo kali, au dirisha lolote lenye baraza, mti au pazia jepesi la kuchuja mwanga. La magharibi ndilo la kuogopwa, kwa kuwa jua la alasiri hukikuta chungu tayari kimekwisha kupata moto.

Wakati huo huo tusiende upande wa pili na kulitupa kangaga gizani. Madirisha yetu yana grili, yana wavu wa mbu uliojaa vumbi, na mengi yametazamana na ukuta wa jirani, hivyo mwanga unaofika katikati ya sebule ni kidogo sana. Kipimo changu ni gazeti hili: mahali ambapo mtu mwenye macho mazima anaweza kulisoma mchana bila kuwasha taa, kangaga litaishi. Mahali ambapo analazimika kuwasha taa, litadumu kwa muda likiwa linapungua, na litahitaji kubadilishana zamu na lingine lililo barazani. Ule ushauri wa kuliweka bafuni ili lipate mvuke nao uangaliwe upya. Bafu la nchi za baridi hujaa mvuke kwa sababu watu huoga maji ya moto. Bafu la hapa kwetu ni ndoo ya maji ya kawaida na kidirisha kidogo karibu na dari, kwa hiyo mmea utakosa mvuke na mwanga kwa pamoja.

Makala ilitangaza pia kwamba kangaga moja husafisha hewa ya sebule nzima. Dai hili linatokana na utafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, uliochapishwa mwaka 1989 chini ya B. C. Wolverton, ambapo mimea iliwekwa katika visanduku vidogo vilivyofungwa kabisa na kuonekana ikipunguza kemikali fulani. Sebule si kisanduku kilichofungwa. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel, Bryan Cummings na Michael Waring, walipitia tafiti nyingi za aina hiyo na kukadiria kwamba ili mimea ilingane na usafishaji unaofanywa na hewa inayoingia na kutoka katika jengo la kawaida, ingehitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Kwa mtu anayepikia mkaa au mafuta ya taa ndani, suala hili si la mzaha. Afungue dirisha. Kangaga na lipendwe kwa uzuri wake, ambao unatosha.

Nigusie kwa haraka suala la madoa. Wasomaji wameshauriwa kupulizia dawa ya wadudu kila waonapo vidoa vya kahawia chini ya majani. Makangaga hayana maua wala mbegu. Huzaliana kwa spora, yaani chembe ndogo mithili ya vumbi, na spora hizo hukaa katika vifuko vidogo vya kahawia upande wa chini wa jani. Kangaga la Boston lenyewe huonyesha vifuko hivyo kwa nadra, lakini kangaga letu la asili, Nephrolepis biserrata, ambalo huota lenyewe katika maeneo ya majimaji na hata kwenye mashina ya michikichi, huwa navyo tele, vikiwa vimejipanga kwa mstari ulionyooka karibu na kingo za kila kipande cha jani. Lile la kiota, lenye majani mapana yasiyochanika, lina michirizi sambamba inayotoka kwenye ukuti wa katikati. Mpango huo wa mistari ndio unaovitofautisha vifuko na wadudu gamba, ambao hutawanyika ovyo, hung'oka ukiwakwangua kwa ukucha, huacha unyevu wa kunata, na aghalabu huandamwa na sisimizi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye chungu, hapo ndipo utafute gamba au vidung'ata weupe wenye sura ya unga, ukate majani yaliyoathirika sana na kuyasafisha mengine kwa maji na brashi laini. Dawa za kupulizia za kuulia mbu na mende zisitumike, kwa sababu makangaga ni mepesi kuungua kuliko mimea mingi.

Picha iliyoambatana na makala ile nayo haikuwa ya kangaga. Ulikuwa ni mmea wa jamii ya asparaga, wenye majani laini mithili ya manyoya na vimiba vidogo kwenye shina, ambao wauza maua huuchanganya na makangaga na kuuuza kwa bei ile ile. Hutoa maua madogo na matunda mekundu, jambo ambalo kangaga la kweli haliwezi. Tofauti hii ina maana kwa mnunuzi, kwani asparaga ina mizizi iliyovimba inayohifadhi maji na huvumilia wiki nzima ya kusahauliwa. Nadhani ule ushauri wa mara moja kwa wiki ungeifaa zaidi. Tena matunda yake hayafai kuachwa karibu na watoto wadogo wala paka, ilhali kangaga la Boston halina sumu kwa wanyama wa nyumbani.

Mbolea haihitaji maelezo mengi: kiasi kidogo kilichozimuliwa mara mbili ya maelekezo ya pakiti, mara moja kwa mwezi wakati mmea unapochipua, kinatosha, na samadi mbichi ya kuku iepukwe kwa sababu inaunguza mizizi. Lile agizo la kuupumzisha mmea katika majira ya baridi kwa kutoupa kitu halituhusu. Kangaga lenyewe litaonyesha lini linakua, kwa machipukizi yake yanayochomoza katikati yakiwa yamejikunja kama mkia wa kinyonga na kujikunjua polepole kadiri siku zinavyokwenda. Machipukizi hayo yasiguswe wala kufutwafutwa vumbi, kwani huvunjika kwa urahisi na likivunjika moja, jani zima limepotea.

Anayetaka kuongeza makangaga hana haja ya kurudi kwa muuza maua, wala ya kwenda kung'oa katika misitu ya hifadhi ya Usambara au Pugu, jambo ambalo halifai na katika hifadhi halifanywi bila kibali. Kangaga la Boston hutoa nyuzi ndefu za kijani zisizo na majani ambazo wengi huzikata wakidhani ni uchafu. Uzi huo ukigusa udongo hutoa mizizi na mche mpya. Weka chungu kidogo chenye udongo wa mboji pembeni, ulaze uzi juu yake, uushikilie kwa kijiti kilichopindwa, na uukate kutoka kwa mama yake mche ukishakuwa na majani yake kadhaa. Chungu kikubwa kilichojaa mizizi mpaka kimeanza kupasuka kinaweza pia kugawanywa kwa kisu kikali katika mafungu mawili au matatu, ikiwezekana mwanzoni mwa mvua, na kila fungu likafunikwa na kivuli mpaka lishike.

La mwisho, na ambalo ndilo lililonisukuma kuandika, ni kisahani. Makala ilishauri kisahani cha chini ya chungu kiwe na maji wakati wote ili kuongeza unyevu wa hewa. Mhariri, jiji hili lilipata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na Mombasa nayo imekumbwa mara kadhaa. Mbu anayeieneza, Aedes aegypti, hapendi madimbwi machafu ya barabarani. Hupenda maji safi yaliyotulia katika vyombo vidogo karibu na watu, na kisahani cha maua ni miongoni mwa vyombo hivyo. Huuma mchana, wakati ambapo hakuna aliye ndani ya chandarua. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya usawa wa maji, mayai hayo huweza kubaki hai kwa miezi kadhaa hata chombo kikikauka, na maji yakirudi, mbu kamili huweza kutoka baada ya wiki moja hadi siku kumi hivi. Kwa hiyo haitoshi kumwaga maji tu na kukirudisha kisahani. Kimwagwe nusu saa baada ya kumwagilia, kisha walau mara moja kwa wiki kisuguliwe kwa brashi ngumu pande zake zote ili mayai yatoke. Asiyeweza kufanya hivyo akijaze mchanga mpaka juu, utakaonyonya maji yanayochuruzika bila kuacha dimbwi. Lile pipa la maji ya mvua nililolitaja nalo lisiachwe wazi hata kwa usiku mmoja.

Ninajua kurasa zenu hazina nafasi ya kurekebisha kila jambo nililolitaja hapa. Nikitakiwa kuchagua moja, ningeomba hili la kisahani lichapishwe mahali pale pale palipochapishwa ushauri wa kwanza, na kwa herufi za ukubwa ule ule, kabla masika hayajaanza kunyesha.

Wako,

Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Mikocheni, Dar es Salaam